Afya Bila Daftari

Ndugu msomaji, wahenga wetu walituachia neno ambalo wenye maduka wengi hulitundika ukutani, karibu na mizani: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo napenda tulitoe neno hilo dukani, tulilete nyumbani, na kutoka nyumbani tulifikishe katika ofisi ya halmashauri, mahali ambapo hukatwa shauri la dawa zipi zinunuliwe, zahanati ipi itengenezwe, na ugonjwa upi upewe fedha kwanza. Maana afya nayo ni mali, tena ndiyo mali ya kwanza ya mfanyakazi. Nayo isipoandikwa daftarini hupotea vivyo hivyo, bila habari.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea barazani kwa jirani yangu, jioni ya Jumamosi. Tulikuwa tumeketi tukinywa kahawa, mara akabisha hodi binti mmoja aliyebeba mkoba. Akatuamkia kwa adabu, akatoa kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, akaeleza kwamba anafanya kazi katika utafiti wa afya na kwamba nyumba hii imeangukiwa na kura. Alitaka kujua watu wangapi wanalala humo, wangapi wanatumia vyandarua, nani ameugua katika majuma mawili yaliyopita, na kama katika mwaka uliopita kuna mtu aliyefariki katika nyumba hiyo.

Jirani yangu ni fundi wa mitambo kiwandani, na kwa kawaida ni mtu mpole. Siku hiyo alibadilika uso. "Mwanangu," alisema, "mwaka juzi walikuja wenzako wakaandika, wakaenda zao. Sasa umekuja wewe. Karatasi zenu zinanenepa, lakini zahanati yetu ukienda unaambiwa dawa kanunue dukani. Kutuhesabu huku kuna faida gani?"

Binti yule akainamisha macho asipate la kujibu. Ndipo mama mwenye nyumba akatoka ndani, amejitanda khanga, akaketi mkekani kando ya mgeni wake na kusema taratibu: "Mimi nitamjibu. Aliyefariki ni mwanangu. Andika."

Sisi wanaume tuliinuka tukawapisha. Walikaa pale karibu saa nzima. Tulipokuwa tumesimama chini ya mwembe jirani yangu alinigeukia akasema: "Wewe unayeandika magazetini, hebu nieleze. Yale maneno anayoyasema mama watoto, na machozi yale, yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu la mara moja. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila nyumba iliyowahi kubishiwa hodi ya namna hiyo.

HESABU ZA RUFIJI NA MOROGORO

Tuanze na mfano wa hapa hapa nchini, ambao wataalamu wa afya wa mataifa mengi wameusoma na kuuiga. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Wilaya mbili zilichaguliwa: Rufiji, na Morogoro Vijijini kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa. Kwa pamoja wilaya hizo zilikuwa na wakazi zaidi ya laki saba.

Swali la mradi lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Je, halmashauri ya wilaya ikipangilia fedha zake kwa kufuata ushahidi wa magonjwa yanayoua watu wake, badala ya kufuata mazoea, vifo vitapungua?

Ili kulijibu, ilibidi kwanza kujua watu wanakufa kwa nini. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Daftari la hospitali huandika wale waliofika hospitali. Lakini katika wilaya hizo watu wengi mno walifia nyumbani, wakazikwa na jamaa zao, na sababu ya kifo chao ikazikwa pamoja nao. Mganga mkuu wa wilaya aliyetegemea daftari la hospitali peke yake alikuwa sawa na mwenye duka anayeandika mauzo ya asubuhi na kuacha ya jioni.

Kwa hiyo hesabu zilifuatwa nyumbani. Kule Rufiji, tangu mwishoni mwa mwaka 1998, watu wapatao 85,000 katika vijiji vya kaskazini mwa mto waliandikishwa, na wadadisi wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea msiba, baada ya siku za matanga, mtu aliyefundishwa kazi hiyo alifika akaketi na wafiwa na kuuliza: ugonjwa ulianzaje, homa ilidumu siku ngapi, alikohoa, aliharisha, alishikwa na degedege, alipelekwa wapi kwanza na wapi baadaye? Majibu yale yalisomwa na madaktari, nao wakakadiria sababu ya kifo. Kwa upande wa Morogoro, hesabu za namna hiyo hiyo zilikuwa zikikusanywa tangu mwaka 1992 na mradi mwingine, uliochunguza vifo vya Morogoro Vijijini, wilaya ya Hai, na baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam.

Basi, ndugu msomaji, maneno ya mama mfiwa yalikwenda huko. Yaliondoka mkekani yakawa mstari katika daftari, na mistari mingi ilipokusanywa, ikasema jambo ambalo hakuna aliyelijua.

FUNGU LISILOLINGANA NA MAUMIVU

Wataalamu hawakuhesabu vifo tu, bali walihesabu miaka ya uhai iliyopotea. Maana mtoto wa miaka miwili akifariki, amepotewa na miaka mingi kuliko mzee wa miaka sabini. Kisha wakaweka hesabu hiyo upande mmoja, na bajeti ya afya ya wilaya upande wa pili, kama mtu anayelinganisha mawe ya mizani.

Mizani haikulingana. Malaria peke yake ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu. Kundi la maradhi ya watoto, yaani nimonia, kuhara, surua, utapiamlo na malaria ya utotoni, lilikuwa na asilimia 28 ya mzigo, likapata asilimia 13 ya fedha. Kwa upande mwingine kifua kikuu, kilichokuwa na chini ya asilimia 4 ya mzigo, kilipewa asilimia 22; na magonjwa yanayozuilika kwa chanjo, yenye asilimia 4, yalipewa asilimia 30.

Msomaji mwangalifu atauliza: je, magonjwa ya chanjo hayakuwa machache kwa sababu chanjo zenyewe zilikuwa zinafanya kazi? Swali hilo ni la haki kabisa. Mtu haondoi paa kwa sababu ndani hakuvuji. Hesabu zile hazikumwambia mganga mkuu afute chanjo wala aache kutibu kifua kikuu. Zilimwonyesha kwamba adui mkubwa kuliko wote alikuwa ameachiwa mlango wazi, na kwamba shilingi mpya itakayopatikana iende mlangoni hapo kwanza.

Wala tusidhani kwamba bajeti ile ilipangwa na watu wabaya. Ilipangwa kama bajeti nyingi zinavyopangwa: kwa kunakili ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo, na kwa kufuata matakwa ya mfadhili aliyekuja na fedha zake na ugonjwa wake. Asiyekuwa na mfadhili wala msemaji, kama mtoto mwenye homa kijijini, hubaki nyuma ya foleni bila ya mtu yeyote kukusudia.

SHILINGI CHACHE, MPANGO BORA

Mradi ulikuwa tayari kuziongezea wilaya hizo hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Jambo la kushangaza ni kwamba wilaya ziliweza kutumia vizuri takriban senti 80 tu za dola hiyo. Fedha nyingi zisizo na watu wa kuzisimamia, magari ya kuzifikisha dawa na ghala la kuzihifadhi ni kama mvua juu ya mwamba.

Senti hizo 80 zilifanya nini? Timu za afya za wilaya zilipewa programu nyepesi ya kompyuta iliyogeuza hesabu kuwa michoro, nguzo moja ikiwa ya mzigo wa ugonjwa na nyingine ya fedha, hata diwani asiyekuwa daktari akaweza kuona kwa macho palipopungua. Wauguzi na waganga wa zahanati walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa mzima mzima, siyo kumtibu kikohozi na kusahau kumuuliza mama kuhusu kuhara na kumpima uzito. Vyandarua vyenye dawa vilipewa nafasi katika mpango. Vituo vilipewa redio za mawasiliano, na vituo vya afya vikubwa vikapewa dhamana ya kuzisimamia zahanati zilizo karibu navyo, ili mganga wa zahanati ya mbali asikae miezi bila kutembelewa. Na wananchi wenyewe walijitolea nguvu zao kukarabati zahanati zilizokuwa zimechakaa.

Matokeo yake? Katika muda wa kama miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na vifo vya watu wazima wa kati ya miaka 15 na 60 vikapungua kwa asilimia 18. Haifai kudai kwamba mchoro wa kompyuta ndio ulioyafanya hayo yote. Miaka ile ile vyandarua vilikuwa vikienea, na mwaka 2001 nchi nzima iliacha klorokwini, dawa ambayo malaria ilikwisha kuizoea. Utafiti mwingine ulizilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na jirani zao Kilombero na Ulanga, ukaona kwamba katika muda wa miaka miwili, hadi katikati ya mwaka 2002, vifo vya watoto wadogo vilikuwa chini kwa asilimia 13 kule ambako waganga walifundishwa matibabu yale ya mtoto mzima. Asilimia 13 si neno la kupigiwa ngoma. Lakini kwa mama ambaye mtoto wake yumo katika hesabu hiyo, ndiyo dunia yote.

AKINA MAMA WALIOSINGIZIWA

Kuna tunda jingine la madaftari ya Rufiji ambalo mimi naliona kubwa kuliko fedha. Kwa miaka mingi tulizoea kusikia katika mikutano kwamba watoto wanakufa kwa sababu mama zao ni wajinga. Kwamba mtoto akishikwa na degedege hupelekwa kwa mganga wa kienyeji, na hospitali hukumbukwa maji yakiwa shingoni. Semina zikafanyika, akina mama wakakaripiwa.

Watafiti walipofuatilia safari ya kila aliyefariki kwa malaria, nyumba kwa nyumba, waliona habari nyingine. Karibu wanne katika kila watano walikuwa wamekimbilia tiba ya kisasa kwanza, na hata waliopatwa na degedege hawakuwa tofauti. Akina mama walikuwa wamefanya walichoambiwa. Walifika zahanati. Kilichowaangusha ni yale waliyoyakuta, au waliyoyakosa, walipofika: dawa iliyokwisha nguvu, matibabu yaliyochelewa, na umbali wa kufikia hospitali kubwa.

Tazama tofauti ya sera inayozaliwa na habari hizi mbili. Ukiamini kwamba mama ni mjinga, utanunua mabango ya kumwelimisha. Ukijua kwamba mama alifika na hakupata tiba ya kufaa, utanunua dawa, utamfundisha mganga, na utatengeneza njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Fedha ni zile zile, lakini utafiti ndio uliozionyesha njia, na pamoja na hayo ukamwondolea mfiwa lawama aliyobebeshwa bure.

NA SISI WA MJINI JE?

Jirani yangu aliponisikiliza hadi hapo alisema: "Hayo ni ya Rufiji. Sisi hapa tuna magonjwa yetu." Ni kweli, na ndiyo maana hesabu ya wilaya moja haiazimwi kutungia sera ya nyingine, wala hesabu ya zamani haitoshi milele.

Nimekwisha kusema kwamba baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam ilihesabiwa tangu mwaka 1992. Moja ya habari zilizotoka humo, iliyochapishwa mwaka 2000, ni kwamba kiharusi kilikuwa kikiua watu wa umri wa kufanya kazi kwa kiwango kikubwa kuliko Uingereza, nchi ambayo tulidhani ndiyo yenye maradhi hayo ya wenye nacho. Aliyeshukiwa zaidi ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Kabla ya hapo nani angependekeza kwamba zahanati ya mtaa iwe na kipimo cha presha na dawa zake?

Tena, wale waliojifunza kwamba malaria ndiye adui mkubwa iliwapasa baadaye wajifunze upya. Zaidi ya watoto elfu moja wenye homa walichunguzwa kwa makini katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, na taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha kwamba kama mmoja tu katika kila kumi alikuwa na malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizo ya njia ya hewa, na mengi kati ya hayo yaliletwa na virusi, ambavyo haviponywi na dawa ya malaria wala na vidonge vya kuulia vijidudu tunavyovinunua kwa mazoea dukani. Pale palipoletwa kipimo cha haraka cha damu, dawa za malaria zilizoandikwa bure zilipungua sana. Ndiyo sababu leo mganga hukutaka upime kwanza, na ndiyo maana ya lile tangazo lisemalo kwamba si kila homa ni malaria. Mama anayekasirika akirudishwa bila dawa ya malaria na ajue kwamba nyuma ya neno lile kuna watoto elfu moja waliochunguzwa.

WAJIBU WA MWENYE NYUMBA, NA HAKI YAKE

Yatupasa nini basi, sisi tusiokuwa madaktari wala madiwani? Naona mambo matatu.

La kwanza, tujibu kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na nyumba ikificha, mtaa mzima huumbuka, kwa kuwa ugonjwa usioandikwa haupewi fungu. Tuandikishe vizazi na vifo, na tutunze kadi za kliniki za watoto wetu kama tunavyotunza stakabadhi za kodi ya nyumba.

La pili, tujue haki zetu. Mdadisi wa kweli ana kitambulisho na kibali, hueleza anachokitafuta, na hukubali ukikataa kujibu. Majina yetu ni siri yake. Na baada ya kazi, ni haki yetu kuletewa matokeo kwa lugha tunayoielewa. Hapo ndipo malalamiko ya jirani yangu yalipo na haki, nami nampa mkono. Anayevuna mahindi katika shamba la mtu humwachia mwenyewe walau gunzi la kuchoma. Wapo watafiti waliovuna habari zetu wakaenda kuzichapisha ng'ambo, na mtaa haukurudishiwa hata ukurasa mmoja. Tabia hiyo ndiyo inayofunga milango yetu.

La tatu, tuulize mkutanoni. Mpango wa afya wa halmashauri hupangwa kila mwaka, na diwani wetu huupigia kura. Siku ya mkutano wa mtaa, pamoja na kuomba jengo jipya, tumwulize: ni maradhi gani matatu yanayoua na kuumiza zaidi katika kata yetu, na kila moja limetengewa kiasi gani? Diwani akijibu kwa takwimu, tumshukuru. Akikosa jibu, tumpe muda akalitafute, nasi tumngoje mkutano ujao. Swali hilo halihitaji elimu ya chuo kikuu. Mwenye duka lolote huuliza kila jioni.

Giza lilikuwa limekwisha kuingia yule binti alipofunga mkoba wake. Jirani yangu alimsindikiza hadi barabarani, akamwomba radhi kwa maneno aliyoyasema, kisha akamwuliza jambo moja tu: "Majibu mtatuletea?" Binti akasema ataandika ombi hilo katika taarifa yake. Sijui kama litasikilizwa. Niliporudi barazani nilimkuta mama bado ameketi mkekani, nikamwuliza kama hakuumia kurudia habari ile.

"Nimeumia," alijibu. "Lakini tangu tulipomzika, huyu ndiye wa kwanza kuniuliza ilikuwaje."